Kwezi kwa watu thelathini na wanane

Jumatano, alasiri, Moroni. Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi na wingu limelala kwenye mabega ya mlima Karthala, halishuki wala haliondoki. Umeme upo. Naandika haraka kabla haujabadili nia.

Nina wasiwasi. Naliweka hilo mwanzoni ili lisiniingilie katikati ya habari.

Habari yenyewe ni hii. Ijumaa boti ya wagonjwa itatoka Mutsamudu kuja Moroni. Tangu wakubwa wa Ndzuani, kisiwa ulipo Mutsamudu, wakatae amri za huku na safari za baharini zikasimama, ni mara ya kwanza pande zote mbili kukubaliana juu ya boti. Nafasi ni chache. Anayetaka kupanda, jina lake, umri wake na ugonjwa wake lazima vifike kwa barua pepe kwa shirika lililoikodi kabla ya kesho saa sita mchana. Redioni haikutangazwa, kwa sababu shirika linaogopa mji mzima usije ukajaa gatini.

Shirika halina mtu wake kule. Likauliza nani ana anwani za watu wa Mutsamudu. Nikasema mimi ninazo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake.

Dada yangu mkubwa ameolewa Mutsamudu. Nitamwita Sitti. Moyo wake umepanuka, na vidonge vyake hutoka Moroni. Mwezi uliopita aliniambia, kama anayesimulia mapishi, kwamba siku hizi anavikata nusu.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni mwandishi wa habari, nimezaliwa Ngazidja, kisiwa hiki cha Moroni, nikalelewa Unguja, nikarudi nikiwa mtu mzima. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ndiyo lugha ninayofikiri nayo, na wanaochungulia maandishi ya watu hapa huanza na Kifaransa. Majina yote nimebadilisha.

Kwa miaka kadhaa, kabla ya mgogoro huu, nilikuwa nikituma muhtasari wa habari kwa watu wa Ndzuani, kila Ijumaa. Orodha yangu ilikuwa na anwani hamsini na mbili. Niliiheshimu sana orodha hiyo.

Jumatatu asubuhi nikatuma tangazo la boti. Nilituma kwa wote kwa mkupuo mmoja, anwani zikiwa zimefichwa. Kichwa cha barua kilikuwa URGENT, herufi kubwa, alama tatu za mshangao. Ndani mstari mmoja: fungua kiambatisho. Kiambatisho kilikuwa picha ya fomu. Na niliituma kutoka anwani mpya niliyoifungua wiki mbili kabla, herufi nne na tarakimu sita. Anwani yangu ya zamani ina jina langu, na jina langu kule siku hizi ni mzigo kwa anayekutwa nalo.

Barua kumi na nne zilirudi na ujumbe wa kosa. Zilizobaki hazikurudi. Nikaandika daftarini: zimefika.

Kutorudi si kufika. Nimeishi miaka hamsini na tisa bila kulijua hilo.

Hadi Jumanne adhuhuri sikuwa na jibu hata moja. Watu wa Mutsamudu wana tabia nyingi, lakini kunyamaza si mojawapo. Nikampigia Sitti. Simu kati ya visiwa hupita dakika mbili tatu kisha hukatika, kwa hiyo sikuzunguka. Nikamuuliza kama ameiona barua ya jana.

“Ile inayopiga kelele? Kumbe ni yako?”

“Yangu. Umeifungua?”

“Naifunguaje, na wameitia kwenye indésirables?”

Huduma ya barua wanayoitumia kule ni ya Kifaransa, na kapu la barua taka limeandikwa hivyo: indésirables. Wasiotakiwa. Kwenye kompyuta ni neno la kawaida. Lakini Mutsamudu ya miezi hii neno hilo lina kazi nyingine. Ndilo wanaloambiwa watu wanaopewa siku moja ya kufunga mizigo na kuondoka kisiwani. Mwalimu mwenye asili ya Ngazidja ni indésirable. Karani aliyesema jambo sokoni ni indésirable. Dada yangu ameliona jina la kapu, ameiona barua imelala ndani yake, na amefikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili zake kule angeufikia: kuna ofisi inayopitia barua, imezitenga zisizotakiwa, na sasa inasubiri kuona mkono wa nani utazigusa.

Akaniambia hakuna anayezigusa. Mwenye duka la intaneti analolitumia yeye hulimwaga kapu hilo kila asubuhi kwa kila mteja anayemwomba, ili watu wasipate matatizo. Na wateja wote humwomba.

“Hakuna mtu aliyeitia humo, dada. Ni mashine.”

“Mashine ya nani?”

Simu ikakatika. Tangu hapo haijapita tena.

Nimeripoti mapinduzi, nimeripoti ajali ya ndege. Usingizi wangu haukuwahi kusumbuliwa na swali la maneno matatu.

Leo asubuhi nimepanda mlimani, kijiji cha Mvouni, kwa Zalihata, anayefundisha kompyuta chuoni. Ni binti wa rafiki yangu marehemu, huniita mjomba, na hanionei haya. Nilimkuta kibarazani na kikombe cha mchaichai. Akaisoma barua yangu ya Jumatatu, akaisoma tena, akanitazama.

“Mjomba, hii ungeletewa wewe ungeifungua?”

Nikasema ningefungua kiambatisho.

“Muongo. Ungesema ni wale matapeli wenye mirathi ya jenerali.”

Akanieleza taratibu, na kila alichosema kilikuwa kosa langu. Mashine haijui siasa za Ndzuani. Inachouliza ni kimoja: huyu ni nani, tunajuana? Mimi nimekuja na anwani ya juzi isiyo na historia, yenye jina kama namba ya gari. Nimegonga milango hamsini na miwili katika dakika moja. Milango kumi na minne haina watu tena, na anayegonga nyumba tupu hudhaniwa kuwa ameokota orodha njiani. Nimepiga kelele kwa herufi kubwa. Kisha ndani sina neno, nina picha tu, na mashine haisomi picha, inaiogopa. “Umeinyima kila sababu ya kukuamini,” akasema, “halafu unaisingizia.”

Nikamuuliza dawa ni nini.

“Ujibiwe. Mtu akikujibu, mashine inajua mnajuana. Barua ya pili inapita mlango wa mbele.”

“Watajibu nini, na ya kwanza hawataki kuigusa?”

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi mzito.

“Kwezi,” akasema.

Wasomaji wangu wa Unguja na Mombasa: kwezi ni shikamoo ya visiwa hivi. Mdogo humwambia mkubwa kwezi, mkubwa hujibu mbona. Hakuna anayeiacha kwezi ianguke chini. Mtu aliyekasirika nawe atakujibu mbona kwanza, kisha ataendelea na hasira yake pale alipoiachia.

Zalihata alikuwa na hakika kwamba barua fupi yenye neno hilo, ikienda kwa mtu mmoja mmoja, bila picha wala kiungo, kutoka kwa mtu ambaye sanduku lao limemjua kwa miaka, haitaangukia kwenye kapu. Na ikifika, itajibiwa.

Matatizo yalikuwa mawili.

La kwanza ni la aibu tu. Wengi katika orodha yangu ni wadogo zangu. Mkubwa haanzi kusema kwezi. Nilimwambia hivyo, akacheka hadi akaweka kikombe chini. “Waamkie watoto, mjomba. Hutapungua urefu.”

La pili halikumchekesha yeye wala mimi. Mtu ambaye masanduku yao yamemjua kwa miaka ni mimi mwenye jina langu, kwenye anwani ya zamani. Mashine inataka jina, na jina ndilo nililokuwa nikiwakinga nalo. Atakayenijibu, jibu lake litabaki kwenye sanduku lake na jina langu litakaa juu yake, na duka la intaneti ni mahali ambapo mtu husomewa begani.

Katika kazi yangu nimeshika kanuni moja: hatari ni ya chanzo cha habari, basi uamuzi uwe wake. Leo sikuwa na njia ya kumuuliza mtu. Nikaamua mimi, kwa niaba ya watu thelathini na wanane. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulizifuta anwani kumi na nne zilizokufa. Tukaanza saa tatu. Barua moja, kisha dakika chache za kusubiri, kisha nyingine. Kichwa: Kwezi. Ndani sentensi moja ambayo ni yule mtu tu angeielewa. Kwa fundi wa milango: ule mlango wa msikiti umeisha? Kwa mpakuzi wa bandarini: mgongo unaendeleaje? Kwa mama anayeshona kofia: bado unaniwekea ile ya bluu? Zalihata alikataa sentensi tatu kwa kuwa zilinukia gazeti. Sijawahi kufanya kazi polepole namna hii. Tulimaliza saa saba kasoro.

Ya Sitti niliandika “Kwezi, dada,” nikasita. Nikatafuta katika barua zote nilizowahi kumwandikia. Sikumwamkia hata mara moja. Nilikuwa nikisema salamu si habari.

Wa kwanza kujibu ni fundi wa milango, wakati bado tunatuma. “Mbona. Tangu lini mimi nimekuwa mkubwa wako? Mke wangu amecheka mpaka mchele umeungua.” Akafuata yule wa kofia, kisha wengine wawili kwa pamoja. Kila aliyejibu nilimrudishia tangazo papo hapo, kwa maandishi matupu: boti, siku, kinachotakiwa, mwisho wa kupokea. Na nilimwomba awaambie jirani zake kwa mdomo. Kufikia saa tisa nilikuwa na mbona kumi na tisa, na majina ya wagonjwa yameanza kuingia.

Sikufurahi kama nilivyotarajia. Kila mbona ni mtu mmoja aliyekubali kuonekana akinijibu. Tena mimi nimekulia Unguja, na masikio yangu hayajakoma kuisikia mbona kama swali. Kumi na tisa kwenye kioo cha kompyuta, moja chini ya nyingine, wote wananiuliza.

Saa tisa na dakika ishirini akajibu Sitti. “Mbona. Kumbe adabu unayo, ulikuwa umeiweka akiba.”

Nilisimama, nikaketi. Nikamtumia tangazo, na juu yake nikaongeza: tuma jina lako kwanza.

Jibu liliingia dakika chache kabla ya saa kumi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu na huandika kama anayesahihisha daftari. Mstari kwa mstari: mzee mwenye figo, umri. Mtoto mwenye kifua, umri. Mama mjamzito wa damu ya juu, umri. Mwanamke mwenye uvimbe shingoni, umri. Chini yao: “Hawa hawana anwani.”

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaihesabu kwa kidole kwenye kioo, kama mtu asiyejua kusoma. Majina manne. Lake halimo.

Niliandika neno moja na alama yake: “Nawe?” Ikaondoka saa kumi na dakika tano. Duka lake la intaneti hufungwa saa kumi.

Haikurudi na kosa. Nimeshasema hapo juu hilo lina maana gani.

Yale majina manne nimeyapeleka, na shirika limeyakiri kwa simu. Nafasi zilizobaki hawakutaka kunitajia. Nikiliongeza la tano, sijui litamsukuma nani nje. Mzee wa figo, labda. Sitti angelijua hilo kabla yangu, na nadhani alilijua.

Kesho duka linafunguliwa saa mbili asubuhi na orodha inafungwa saa sita. Nina saa nne za kutazama sanduku. Ikifika saa tano na nusu na hajajibu, je, nitamwandikisha bila kumuuliza, kama nilivyowafanyia wale thelathini na saba wengine leo asubuhi?

Fomu iko mbele yangu. Umri nimeujaza, na ugonjwa. Mstari wa jina bado mtupu.