Zamu ya Kuwa Huru

Takayama, Novemba

Mama yangu mpenzi,

Baridi imeanza kung'ata huku milimani, na najua huko nyumbani nako haijawasahau. Mimi ni mzima: nakula, nalala, sina homa. Wewe hujambo? Na mgongo wa Baba umekaaje? Achari ya figili imefika salama. Nimeila yote peke yangu, jirani hata harufu hakuipata, na sioni haya kusema.

Lakini nakujua, hutaki habari za figili. Unataka kujua kama lile somo la mbele ya wakaguzi lilipita salama au nifunge virago nirudi nikauze tofu, yale maandazi meupe ya soya, na shangazi. Mwaka huu wangu wa kwanza ni wa majaribio. Siku ile ikiharibika, ualimu basi tena. Ngoja nikusimulie. Ukicheka, cheka taratibu, maana mimi nusura nilie.

Mkuu wetu wa shule, Bwana Iwadare, alinionya mapema kwamba wakaguzi hawataki kusikia watoto wakiimba majibu. Wanataka watoto wajadiliane wenyewe, watumie vishikwambi vyao, na mwalimu akae pembeni kama hayumo. Basi nikawaambia watoto wangu wa darasa la pili kwamba siku hiyo wawe huru: mwenye wazo aseme, asingoje kuitwa. Wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Hapo hapo ningepaswa kushtuka, lakini wapi!

Siku ikafika. Wakaguzi wakajipanga nyuma ya darasa, suti nyeusi na ndara za wageni miguuni, kimya kama wako msibani. Mtoto wa zamu akapaza sauti: "Simameni! Inameni! Kaeni! Anzeni kuwa huru!"

Kimya. Nikauliza swali langu. Kimya. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Mwishowe nikamwinamia Misuzu, ambaye siku zote ana mdomo, nikamnong'oneza kulikoni leo. Akanijibu kwa adabu zote kwamba jana, walipomaliza kufagia darasa, walifanya mkutano wakapangiana zamu za kuwa huru, ili mtu asimkanyage mwenzake. Wa kwanza ni Yoshinari. Yoshinari yuko kwao, ana matubwitubwi. Yeye Misuzu ni wa pili, na kumruka mtu si heshima. "Labda akipona, Mwalimu."

Mama wee! Bwana Iwadare akawa anahesabu mbao za dari. Nami nikaiona tofu hiyooo, inanijia. Sijui nini kilinipata, mdomo ukafunguka wenyewe, nikaanza kupiga meza na kuimba majedwali ya kuzidisha kwa ule mdundo wako wa enzi zako za ualimu. Watoto wakanidaka palepale, maana kuimba pamoja hakuna zamu. Madirisha yakatetemeka. Tukamaliza jedwali la tano, tukaingia la sita, na tulipofika sita mara sita Misuzu akaruka juu.

"Ngojeni! Tano mara saba ni thelathini na tano. Sita mara sita ni thelathini na sita. Hicho kimoja kimetoka wapi?"

Genta, anayekaa nyuma yake, akamwambia aache uzushi, ni bahati tu.

"Bahati gani? Jaribu saba mara saba!"

Arobaini na tisa. Sita mara nane, arobaini na nane. Loo, darasa likalipuka! Zamu hakuna aliyezikumbuka. Wakachora miraba kwenye vishikwambi, wakakata safu za huku wakazibandika kule, wakabishana mpaka Genta akapanda juu ya kiti. Mkaguzi mkuu, Bi. Kurotani, akapiga magoti sakafuni na suti yake ili achungulie. Nami nilikaa pembeni kweli, Mama, nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tangu nianze kazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na tafadhali kaa chini kwanza. Kikaoni baada ya somo, Bi. Kurotani aliniuliza njia hii ya kuimba kwanza kisha kubishana inaitwaje. Ningemwambia inaitwa matubwitubwi? Nikasema ni Njia ya Tatsue; ndiyo, nimetumia jina lako. Akauliza Tatsue ni nani. Nikajibu ni mtaalamu mstaafu aliyeifanyia utafiti maisha yake yote, na kwa kubishana hana mpinzani. Hilo la mwisho si uongo.

Wamesema watanithibitisha kazini. Lakini kabla ya kutia sahihi wanataka kumwona huyo mtaalamu mwenyewe akifundisha darasa langu, Ijumaa ijayo, na shule za jirani zimealikwa. Mama, najua uliapa kutoingia tena darasa lenye kishikwambi. Pia najua unatukana ukisoma hapa. Tukana, halafu uje. Sikukutaja kwa woga peke yake. Nilipoulizwa nimejifunza kwa nani, sikuwa na jina jingine.

Bwana Iwadare anauliza mtaalamu anapenda chakula gani. Nimemwambia anakula chochote ila hasifii kitu. Msalimie Baba, na ukikaidi, akubebe akupakie kwenye treni. Nitakuwa stesheni tangu asubuhi.

Ni mimi binti yako, na kwa sasa mwanafunzi wako rasmi,
Chizuru