Fotokopi Iliyofifia

Mwenzangu, nina hasira mpaka basi. Daktari wa kazini kaandika akili yangu imepungua. AKILI!

Kanipa karatasi ya alama ndogondogo nilinganishe na namba haraka haraka. Fotokopi imefifia kama imefuliwa! Na unajua MS, huu ugonjwa wangu wa neva, ilivyoniharibia macho, naona ukungu tu.

Eti, "Pole dada, ubongo umechoka." Umechoka!

Nikamwambia, nichoree hizo alama kubwa kwa kalamu nene. Kachora, kanuna. Nikamaliza zote, sikukosa hata moja.

Nikamfungulia faili langu. Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa: HAONI VIZURI. Lilikuwa mbele yake muda wote!

Nikamuuliza, "Na wewe mwenye macho mazima, ubongo wako nani kaupima?"