Kwa Baba Watoto, Mpiga Picha za Jua

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba Watoto, na jua halijakosa kutoka hata siku moja. Siku ya maziko yako liliwaka vilevile, kana kwamba halikufiwa. Hilo sijalisamehe.

Ulikuwa fundi miwani mpole. Mteja akiona aibu kuvaa miwani, ulivaa nawe ya mfano wake, mkacheka pamoja mpaka akaizoea. Lakini kila asubuhi kabla ya kazi ulikuwa juu ya paa na darubini yako, mabati yasije yakapata moto yakaitikisa hewa na kukuvurugia picha. Mimi huku chai naipasha, inapoa, naipasha tena.

Kwa kichujio chako chekundu, kile kioo cha kuchuja mwanga, jua hili jeupe la kuumiza macho lilitoka pichani na ndimi za moto pembezoni, kama godoro lililochanika likatoa sufi. Ulikuwa ukishuka umechangamka: "Mama Watoto, leo limechachamaa." Gauni jipya nililojishonea hukuliona wiki nzima. Roho iliniuma. Mke mwenza angekuwa mtu ningemwendea nikamsuta. Hili ningelisutia wapi? Ukuta wa sebuleni ulijaa picha zake. Yangu ilikuwa moja, ya kitambulisho.

Kisha nikatolewa mtoto wa jicho, nikawekewa lenzi mpya. Siku moja nikachungulia darubini yako, kukuchokoza tu, ukiwa umeweka kichujio cha zambarau. Kwa macho yako ya uzeeni kile kilikuwa giza tupu, uliitegemea kamera. Mimi niliona. Ukanieleza kwamba lenzi ya jicho ikizeeka huwa ya manjano, ikaizuia rangi ile, na yangu mpya haizuii. Nikaona wivu umekushika wewe sasa, nikafurahi kweli.

"Likoje?" ukaniuliza.

"Lina mabaka yanayong'aa, yamezunguka madoa."

"Endelea."

Nilipoinua uso, ulikuwa umelipa jua mgongo, unanitazama mimi. Tangu hapo tulipanda wote paani, hadi ulipougua.

Unakumbukwa na mimi mkeo fundi cherehani, binti zako mwalimu na nesi, mkweo dereva, mdogo wako, na wajukuu wote. Jua hatukuliweka humu kwenye orodha. Lina dunia nzima ya kulitazama. Sisi tulikuwa na wewe tu.

Tutakukumbuka daima, hata siku za mawingu.