Ukuta wa Ndiva na Kura za Baba

Ndola, Zambia
Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na sauti iwe imekurudia baada ya mikutano yote hiyo. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua niliyomtumia asiwagawie wanakwaya wote, ni ya miguu yake. Mimi namshukuru Mungu. Joto la huku mwezi huu linashinda hata la Same mjini, na umeme unakatika kila mara, hivyo tumerudi kwenye mkaa. Nawapikia madereva wa malori wali na maharage, na makande siku nikikumbuka nyumbani. Moshi unaniumiza macho. Mwenye mgahawa ana maneno mengi lakini analipa, kwa hiyo nanyamaza.

Utajiuliza kwa nini naandika kwenye karatasi wakati simu zipo. Simu nimepiga, Baba. Nikianza tu habari za ndiva, bwawa letu la kumwagilia, unasema mtandao unasumbua, kumbe mtandao wenyewe ni wewe. Na ujumbe sithubutu kutuma, maana wakati huu wa kampeni simu yako inashikwa na kila mtu, maneno yangu yangemfikia mpinzani wako kabla hujavaa miwani. Bakari, dereva wa kwao Makanya, anaondoka kesho na lori. Amekubali kupanda mlimani akukabidhi mkononi. Soma ukiwa peke yako.

Video za mikutano naziona zote, Mama Anjela jirani yetu ananitumia. Ile ya choo cha soko nimecheka mpaka nikaunguza wali. "Tunataka tangawizi yetu inunuliwe na watu wa Dar, halafu mnunuzi akiulizia choo tunamwonyesha mgomba!" Uliongea vizuri pia kuhusu zahanati, na kibanda cha vijana wa bodaboda. Nikawaonyesha madereva, nikasema huyo ndiye baba yangu, diwani mtarajiwa. Nilijivuna kweli.

Lakini kuna la ndiva. Kwenye mkutano wa kwanza ulisema wazi, "Bwawa letu limechoka. Tulitoe maji kabla ya vuli, tubomoe ukuta, tuujenge upya. Msimu mmoja tutafunga mikanda." Niliwaona wenye mashamba ya chini wakitazamana. Haikupita muda mpinzani wako, yule mwenye duka, akaahidi kuongeza kimo cha ukuta ili maji yawe mengi zaidi, na watu wakamshangilia.

Kwenye mkutano uliofuata ulisimama juu ya ukuta huo huo, na kofia ya chama kichwani, ukasema, "Ukuta huu tumeachiwa na babu zetu, hauna tatizo lolote! Tutauongeza mpaka wa chini watuombe tupunguze maji!" Vigelegele. Mama Anjela akaanzisha wimbo wenye jina lako, wakacheza pale pale juu ya udongo.

Mimi sikuwaangalia wachezaji. Niliangalia chini, kwenye kitako cha ukuta, upande wa migomba ya Mama Anjela. Maji yanatoka, Baba, na ni mekundu. Nilirudisha video nikidhani ni rangi ya simu yangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, siku za msaragambo, kijiji kizima kikienda kuzibua mifereji nami nimebeba uji. Ulinichuchumalisha pale pale ukasema, "Nakundwa, yakivuja maji safi, ukuta unatoa jasho tu. Yakivuja mekundu, ukuta unaliwa kwa ndani. Hapo usisubiri mtu, piga pembe."

Nikajipa moyo kwamba hukuona. Kelele zilikuwa nyingi, na macho yako si ya zamani. Nilikaa na wazo hilo mpaka leo, nilipompigia Mama baada ya ibada. Mvua imeanza huko, nimeisikia ikipiga bati hata yeye akawa anapaza sauti. Nikamwuliza kama bado anahangaika kukata majani ya ng'ombe. Akacheka. "Siku hizi napumzika, mwanangu. Baba yako kampeleka ng'ombe kwa shangazi yako kule juu. Na mbegu za tangawizi kapeleka, na lile sanduku la vyeti. Anasema huku kwetu unyevu umezidi."

Kwa hiyo uliona.

Nakuogopa, Baba, na sikuwahi kukuogopa hata enzi za fimbo. Najua unavyoutaka udiwani huu. Nakumbuka ulivyorudi mara ile ulipokosa, ukala chakula bila kuvua koti. Lakini ng'ombe umemhamisha. Kuna nani mwingine umemwambia? Mama mwenyewe bado analala chini ya ukuta ule, na Mama Anjela na watoto wake wako chini zaidi.

Pembe iko pale juu ya redio. Ipige. Waite watu waje na majembe, wafungue mdomo wa ndiva, maji yateremke taratibu kabla mvua haijakolea. Wakikunyima kura utarudi kwenye tangawizi yako, na sukari nitatuma mimi. Usiniambie tusubiri uchaguzi upite.

Msalimie sana Mama, na shangazi anayemlisha ng'ombe wetu. Mpe pole mchungaji kwa kikohozi chake. Mdogo wangu akirudi kutoka shuleni mwambie viatu vyake viko kwa Bakari. Na Mama Anjela, anayekuimbia, msalimie wewe mwenyewe, uende mpaka mlangoni kwake.

Mwanao wa kwanza, anayekupenda,
Nakundwa

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua, nimeifungua tena. Mama Anjela ametuma video nyingine sasa hivi. Ndiva imejaa hadi ukingoni, mvua inanyesha, naye anacheka chini ya mwavuli: "Nakundwa, ona neema! Mwambie Baba kura zetu zote anazo!"

Nimeshindwa kumsubiri Bakari. Nimempigia Mama Anjela, nimemwambia achukue watoto apande kwa shangazi usiku huu huu, na awaambie Mama na majirani. Hakubisha. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Baba yako anajua?"

Nikakata simu, Baba. Atakuja kukuuliza wewe.