Sheria ya Kwao Baba Yake Junior

Molenbeek, Bruxelles
tarehe 12 mwezi wa kumi

Kwa maman wangu mupenzi Lucienne,

Nakusalimia sana kwa jina la Yesu mwenye anatuchunga wote, nyinyi huko Butembo na sisi huku. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, lile goti limepata nafuu, na Papa amekubali mwishowe kunywa dawa ya kikohozi bila kugombana na muntu. Usalama je? Tukisikia habari za barabara ya Beni roho inatupanda. Kama munataka kujua hali yetu, tuko wazima. Mudogo wako, tantine Pétronille, anakusalimia, anasema mafuta ya mawese uliyotuma yalifika na harufu yake yote, hata majirani wa juu walijua tumepata mugeni kutoka kwetu. Barua hii inakuja katika mukono wa papa Anaclet wa kanisa letu, atapitia Kampala na Kasindi. Sikutaka kusema mambo haya kwa simu, sababu simu ya kwetu inasikilizwaka na watu wote, hata mwenye alipita tu kuomba chumvi.

Junior wako ametoa meno ya chini. Anakaa peke yake, anaanguka, anajiangalia kama kuna muntu ameona, kisha anacheka. Ukimuweka juu ya muto karibu na dirisha anaangalia watu wakitoka metro, anawapigia kelele kama mukubwa wa kituo. Sura yake ni ile ile ya baba yake, maman. Mimi nilimubeba tu, hakuchukua kwangu hata kidole.

Bon. Kila ukinipigia unaniuliza baba yake, Tae-jun, iko wapi, mbona hakusalimii tena. Nimekujibu iko kazini. Asubuhi iko kazini, mangaribi iko kazini, hata siku ya Mungu ulipouliza nilisema iko kazini. Ni uongo, na wewe ulijua ni uongo. Tae-jun alirudi kwao Korea katika mwezi wa sita.

Usimulaani kwanza. Unamujua tu kwa picha, na kwa ile "jambo maman" yake yenye ilikuwaka inawachekesha. Acha nikuambie alikuwa muntu gani. Alikuwa mupishi katika restaurant ya Wakorea karibu na Flagey, mimi nilikuwa nachambua mboga na kuosha masufuria. Kifaransa chake kilikuwa kimevunjika, na changu unakijua, ni kile cha sixième primaire, darasa la sita. Donc tulijenga chetu sisi wawili, na tulisikilizana vizuri sana. Tukingojea tram alipenda kunielezea sheria za kwao. Alisema kule ukimutukana muntu mbele za watu anaweza kukupeleka mbele ya tribinali, hata ukisema jambo la kweli la kumuharibia jina unaweza kuazibiwa. Tantine aliposikia alishika kiuno, eti kama ni vile basi soko yetu yote ya Butembo ingelala gereza, na Lucienne wa kwanza. Tae-jun alisema tena kwamba zamani kwao mutoto alikuwa anazaliwa tayari na mwaka mumoja, halafu juzi juzi serikali ikatoa sheria wahesabu kama dunia yote, watu wazima wakaamuka wamepungua miaka. Tantine aliuliza mara moja kama wanaandikisha na wageni.

Alipenda sheria sababu ilimuuma. Kwao mupangaji anaweka pesa nyingi kwa mwenye nyumba, anakaa bila kulipa kila mwezi, akihama anarudishiwa zote. Mwenye nyumba ya baba yake hakurudisha. Kumbe kungekuwa na ulinzi kama baba yake angepeleka ile karatasi ya nyumba kwa ofisi ya mutaa mapema apigiwe muhuri, lakini muzee alimuamini muntu sababu walikuwa wanasalimiana. Walipoteza nyumba, na ndivyo Tae-jun alitoka kutafuta kazi huku. Tangu hapo alikuwa muntu wa kusema kitu chenye hakijaandikwa ni kama hakiko.

Nilipozaa, alileta supu ya majani ya bahari, eti kwao kila muzazi anakunywa ile ili apate damu na maziwa. Tantine alinusa, akasema hii ni maji ya kuogesha samaki, lakini alishika bakuli na kuninywesha mpaka mwisho, akaongeza mboga yake ya lenga-lenga kando ili isionekane tumeshindwa. Siku Papa aliposema kwa simu habari ya mbuzi za mahari, Tae-jun aliandika kila kitu, kisha akauliza kwa heshima zote kama mbuzi zinapashwa kutoka Korea. Alikuwa anaogopa juu ya paspoti ya mbuzi. Hata Papa alicheka siku ile, unakumbuka.

Alors, alichukua rendez-vous, siku ya kupokelewa, kwa commune, ile ofisi ya serikali ya mutaa, ili amutambue mutoto, aandikwe baba. Alinyoa, alinunua shati. Siku ya Mungu mbele ya ile rendez-vous alikuja kwa tantine kula, akaanza kutuonyesha picha katika simu. Moja ilikuwa yeye, kichwa kipara, nguo za askari, bunduki kifuani, theluji nyuma. Niliuliza ni sinema gani. Alicheka, akasema hapana, ni jeshi, kwao ni sheria, kila mwanaume anaenda, karibu miaka miwili. Nikauliza, na Junior? Alimuinua mutoto juu, akamupigia saluti, akasema Junior naye akikuwa Mukorea atakwenda kula wali katika baridi kama baba yake, atarudi mwanaume. Tantine alicheka. Mimi niliingia jikoni nikafungua maji ili wasisikie vile ninapumua.

Rolande mudogo wangu, wewe mwenye unamusomea maman barua hii, kama Papa iko karibu, ngojea atoke ndipo uendelee hapa.

Maman, kwa commune karani aliniuliza kama ninakubali huyu bwana amutambue mutoto. Nilijibu non.

Tae-jun aliniangalia akizani sikusikia vizuri. Karani pia alizani vile, akarudilia pole pole. Nikasema tena non. Alifunga dosie ya karatasi zetu, akasema bila mama kukubali yeye hawezi kuandika, akaita watu wenye walikuwa nyuma yetu. Inje, kando ya mulango, Tae-jun aliniuliza neno moja tu: kama kuna mwanaume mwingine. Nilitaka kumujibu. Nilifungua kinywa nitaje jina, na kichwani nikasikia sauti ya Papa.

Unajua ni jina gani. Bienaimé.

Nimeandika. Ni mara ya kwanza tangu wale watu wa pori wenye bunduki waingie kwetu na kusema eti ni sheria, kila nyumba itoe mutoto mwanaume mumoja wa kulinda mugini. Walisema sheria, maman, ni neno lao hilo, walisema na wakicheka naye, wakamuvalisha kofia, wakaenda naye. Kesho yake Papa akatukataza. Kilio ni cha muntu aliyekufa, alisema, na jina ataitwa nalo siku atabisha mulango yeye mwenyewe. Sisi wote tulitii. Wewe ulikuwa ukihesabu watoto wako unaruka, kama muntu anaruka tundu katika njia. Na mimi nilikaa na Tae-jun, nikazaa naye, na hakujua hata siku moja kwamba nilikuwaka na kaka.

Basi nilinyamaza. Alingojea nijibu, watu wakipita na watoto wao. Kwake kunyamaza kwangu kulikuwa ni jibu. Alisema "merci", akaenda upande wa canal. Sikumufuata. Nilikuwa nimeshika mutoto kwa nguvu mpaka akalia, na nilikuwa najiambia nimemuokoa.

Kisha permis yake ya kazi ilikuwa inaisha. Kama angekuwa ameandikwa baba angejaribu kubaki, mukubwa wa restaurant ndiye aliniambia. Na eti mama yake kule Korea alimuambia mwanamuke mwenye anakataa mbele ya serikali anajua yeye mwenyewe mutoto ni wa nani. Akarudi. Number yangu aliifunga.

Mwezi uliopita tantine alinipeleka kwa avoka, mwanasheria mumoja wa pro deo, wale wenye hawaombi pesa. Ni msichana wa umri wangu. Nilimuelezea yote, na jina pia, kwa mugeni ni rahisi. Alitafuta mambo ya Korea, akapigia mwenzake mwenye anajua, kisha akanielezea. Kutambuliwa na baba ni kitu kimoja. Kuwa raia wa kule ni kitu kingine: baada ya kutambuliwa inapashwa tena waombe kwa serikali yao, na mutoto akiwa mudogo mimi ningekuwa na la kusema. Kama hatungeomba, Junior angekuwa na baba na hakuna jeshi lingemuita. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kisha akaniangalia mikono.

Nilimuuliza kama sheria inaweza kumurudisha. Akasema tunaweza kwenda mbele ya tribinali, wapime damu, wamuandike baba hata asipotaka. Lakini tunapashwa kujua anaishi wapi, na hatujui, na kule pia wanaweza kukawia miaka kukubali hukumu ya huku. Na wakikubali, alisema, watamupa mutoto jina. Kumupenda hawawezi kuandika.

Hata hivyo nimetia mukono katika karatasi ya kuanza. Mimi bado ninatumaini, maman, usinicheke. Tantine anasema tumaini yangu ni kama kuku ya Noeli, haijui tarehe.

Sasa neno lenye limenifanya niandike. Number ya Rolande hakuifunga, sababu Rolande anasema picha ya Tae-jun bado inaonekana kwa simu yake. Ujumbe mumoja unaweza kumufikia, wa sauti, kwa Kifaransa chepesi. Lakini ukitoka kwangu peke yangu, hata kwa simu ya Rolande, atazani ni hadisi nimetunga. Inapashwa sauti ya Papa. Papa aseme: mimi ni baba ya Kahambu, nilikuwa na mutoto mwanaume anaitwa Bienaimé, walimuchukua, na ndiyo sababu binti yangu alikataa. Ni maneno machache. Hakuna muntu mwingine duniani Tae-jun anaweza kuamini, anamuheshimu Papa sana.

Ninajua Papa atajibu nini. Ataona ni kumuzika mutoto wake kwa simu, mbele ya muntu hajawahi kumuona. Atainuka, atachukua kofia yake, hatakula siku ile, na wewe ndiye utabeba hasira yake wala si mimi mwenye niko mbali. Umuulize tu hivyo hivyo. Usimuulize mbele ya watu. Umuulize kwanza kama muke wake, halafu kama mama ya Bienaimé.

Akikataa, usinifiche. Uniambie tu "Papa iko kazini", nitaelewa, nami sitamuchukia.

Nisalimie shangazi Myriam, nisalimie maman wote wa chorale, na Rolande mwenye amechoka kusoma mwandiko wangu mubaya. Junior anakupigia busu la mate. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso, hapa ao kule kwake.

Ni mimi binti yako mwenye anakupenda,

Kahambu
maman ya Junior