Usiwashe Kompyuta ya Redio

Mwanangu, chai iko kwenye chupa. Ukitoka, funga mlango wa nyuma kwa komeo. Fundi wa kompyuta anakuja saa nne, mpeleke chumba cha redio. Kabla hajafika usiiwashe ile kompyuta, nakuomba. Kila ikiwaka inazidi kuandika juu ya vilivyofutika.

Ndiyo, vimefutika. Ulinishauri niweke mfumo wa kompyuta uitwao Debian, ukasema kompyuta ya redio inataka Linux iliyotulia, isiyo na mbwembwe. Nikajisemea, huyu ndiye wa kunifundisha redio, mimi niliyeshika maiki kabla hajazaliwa? Nikachukua Linux nyingine, inayokuja na programu zote za redio tayari. Leo asubuhi, katikati ya kuisakinisha, mwenzangu wa redio za mawasiliano akaniita hewani. Nikawa namjibu huku nabonyeza. Kompyuta ikauliza ifute diski yote au ibakize vya zamani. Nikabonyeza ifute yote.

Programu zinafanya kazi, tena vizuri. Rekodi za marehemu mama yako akiita hewani, miaka kumi na moja, haijabaki hata moja. Nakala sikuweka, na hilo nalo ulinionya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe mkuu wa nyumba hii ni wewe.

~~Usimwambie kaka yako.~~ Mwambie wewe, mimi mdomo umekuwa mzito.

Fundi akisema haiwezekani kuzirudisha, niandikie ujumbe. Usinipigie simu. Una sauti ya mama yako.

Baba