Nusu ya Paa

Jumamosi, Oktoba 1974

Wameondoka wote, na nusu ya nyumba yangu bado iko wazi.

Nilijua itakuwa hivi. Huku kwetu, ukiita majirani waje kukuezekea, unawapikia pombe. Mimi niliwapikia togwa, mtungi mzima, maana pombe ndiyo iliyomuua baba Neema. Siku ya mazishi yake nilimwahidi Mungu kwamba sitaipika tena.

Mzee Shija alionja, akaweka kata chini. "Mama Neema, togwa ni ya watoto. Sisi tumeshinda juani."

"Nisamehe, baba. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Hata sisi tunasali, mwanangu," akasema taratibu, akaenda zake. Wenzake wakamfuata. Afadhali angenitukana.

Kule tulikoondolewa niliacha nyumba nzima, paa zima. Hapa kijiji cha ujamaa nina kiwanja, kuta, na nyasi nilizokata mwenyewe zimelala chini. Leo radi imenguruma upande wa Urambo. Neema anakohoa tangu juzi, na mimi…

Nimefunga. Nimeomba mpaka magoti yamechubuka.

Jioni nimeloweka mtama. Kwa sasa ni mtama tu, naweza kuuanika nikausaga unga, tukala ugali. Ukichipua ni kimea, na nitaipika hiyo pombe, waje wamalize.

Bwana, kama unayo njia nyingine, nionyeshe kabla haujachipua.